Hivi kweli namba tasa ni tasa?

Juma hili sizungumzii bei ya dagaa wala mashimo ya barabarani. Hayo yapo, na yatakuwepo juma lijalo. Leo nazungumzia namba moja tu, na nawaomba msibadilishe stesheni kabla sijafika mbali.

Namba hiyo imeniletea barua ya mwanafunzi wa kidato cha pili, binti wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Anasema mwalimu wao aliandika ubaoni 2,147,483,647, akawaambia hiyo ni namba tasa, kisha kengele ikalia. Binti akaondoka nayo kichwani. Kwa siku mbili, usiku, alikaa na kalamu akijaribu kuigawanya: kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, akaendelea mpaka 97, na kila mara kitu kikabaki. Sasa anauliza mambo mawili. La kwanza, aliyesema kwamba namba hiyo haigawanyiki alijuaje, maana hakuna mwanadamu wa kujaribu namba zote? La pili, yeye ni mtoto wa mvuvi. Namba hiyo itamsaidia nini?

Nakiri kwamba barua hiyo niliiweka kando. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, sina ya hesabu, na kipindi hiki si darasa. Lakini neno hilo "tasa" lilikataa kuniacha, kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa muuza samaki Mwaloni, Kirumba. Mwaka 1992, nikiwa darasa la tano, nilikaa kwake, na jioni kazi yangu ilikuwa kumsaidia kupanga sato juu ya meza kwa mafungu. Shangazi hakusoma, lakini samaki 12 aliwapenda kuliko kumi. Kumi na wawili unawapanga mafungu mawili ya sita, au matatu ya wanne, au manne ya watatu, au sita ya wawili wawili, kutegemea wateja wa siku hiyo wana fedha kiasi gani. Samaki 13 walimkera. Hata uwapange vipi, mmoja anabaki pembeni. Alikuwa akisema, "Leo ziwa limenipa namba kaidi," kisha yule wa kumi na tatu anampa mtoto wa jirani. Kumi na saba hivyo hivyo, na kumi na tisa.

Siku moja nikawa nasoma daftari langu kwa sauti, kama tulivyozoea: namba tasa ni namba isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe, mfano 2, 3, 5, 7, 11, 13. Nikamwambia, "Shangazi, zile namba zako kaidi shuleni tunaziita tasa." Akauliza kwa nini tasa. Nikajibu kama tulivyoambiwa darasani: "Kwa sababu hazizai."

Shangazi hakuwa na mtoto. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo, na neno hilo alilisikia kwa mawifi zake, kwa majirani, na hata pale sokoni wakati wa ugomvi wa nafasi ya meza. Aliendelea kupaa samaki. Baada ya muda akasema, "Kumbe hata namba wanazitukana, baba." Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa nilichosema, na sikuwa na umri wa kutosha kujua la kujibu.

Kwa hiyo barua ya Sengerema nimeijibu, nikisaidiwa na rafiki yangu mwalimu wa hesabu aliyenivumilia Jumamosi nzima.

Tuanze na fedha, maana fedha kila mtu anazielewa. Tuseme mtu anakukopesha nyavu na injini ya mtumbwi, na masharti yake ni haya: tarehe mosi Januari umlipe shilingi 1, tarehe 2 shilingi 2, tarehe 3 shilingi 4, tarehe 4 shilingi 8, na kila siku mara mbili ya jana mpaka mwezi uishe. Unacheka, kwa sababu shilingi moja siku hizi hainunui hata pipi. Siku ya kumi unalipa 512 na bado unacheka. Siku ya ishirini unatakiwa 524,288. Siku ya thelathini na moja unatakiwa shilingi bilioni moja na milioni sabini na tatu na ushee, na ukijumlisha malipo yote ya mwezi mzima unapata, bila kuzidi wala kupungua, shilingi 2,147,483,647. Ile ile namba ya binti.

Sasa mdai wako amepata fedha zake, anataka kuzigawa sawa kwa sawa. Ana wana wawili? Hazigawanyiki. Watatu? Hazigawanyiki. Awaite wavuvi saba wa mtumbwi wake, au wanachama 40 wa ushirika, au wakazi wote wa Mkoa wa Mwanza ambao ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Daima shilingi kadhaa zitabaki mezani. Na angalieni maajabu: mdai akidondosha shilingi moja tu njiani, ile jumla inayobaki inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 7, kwa 9, kwa 11, kwa 31, na kwa nyingine nyingi. Shilingi moja imeleta ukaidi wote huo. Vilevile kama angedai kwa siku 30 badala ya 31, jumla ingekuwa 1,073,741,823, nayo inagawanyika kwa 3, kwa 7 na kwa 11 bila taabu.

Mchezo huu wa kuongeza maradufu ni wa zamani. Ukiucheza kwa siku saba unapata 127, ambayo ni tasa. Ukiucheza kwa siku kumi na moja unapata 2,047, na hapo unadanganyika, kwa maana 2,047 ni 23 mara 89. Mtawa wa Kifaransa aitwaye Marin Mersenne alitoa orodha mwaka 1644 ya idadi za siku ambazo, kwa maoni yake, zinaleta namba tasa. Siku 31 ilikuwemo. Hakuonyesha alivyofikia hapo, na baadaye ikaonekana kwamba orodha yake ina makosa. Kwa hiyo neno la mtawa halikutosha.

Aliyetosha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi miaka mingi St. Petersburg, Urusi. Jibu lake lilitoka mwaka 1772 katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa Bernoulli, nao pia watu wa hesabu. Wakati huo alikuwa na miaka 65 na alikwisha kupofuka karibu kabisa. Hesabu alizifanya kichwani, na wengine wakamwandikia. Tusitaje tarakilishi hapa, wala kikokotoo. Ni mzee asiyeona, na namba yenye tarakimu kumi.

Binti anauliza alijuaje bila kujaribu zote. Jibu ni kwamba aliziondoa nyingi kabla ya kuanza kugawanya. Kigawo hakitembei peke yake. Kama namba yetu ingegawanyika, ingekuwa kitu fulani mara kitu kingine, na vitu viwili hivyo haviwezi vyote kuwa vikubwa. Sasa 46,341 mara 46,341 tayari inaipita namba yetu. Basi mmoja wa hao wawili lazima awe chini ya hapo, na huna haja ya kumtafuta mbali zaidi. Kutoka bilioni mbili tumeshuka hadi elfu arobaini na sita.

Kisha Euler akatumia sheria ambayo sitajifanya naweza kuithibitisha hapa redioni. Kwa kuwa namba yetu imetokana na mchezo wa siku 31, kigawo tasa chochote chake, kama kingekuwepo, kingelazimika kubakiza ama 1 ama 63 kinapogawanywa kwa 248. Nyingine zote nje. Kufikia hapo yamebaki majaribio yasiyozidi 372. Yule mzee akayamaliza, hakuna lililogawanya sawasawa, na shauri likaisha. Ina maana, binti yangu, kwamba majaribio yako yote kutoka 3 mpaka 97 hayakuhitajika hata moja. Namba tasa ya kwanza inayotimiza masharti ni 311. Usisikitike; mwalimu alipaswa kuwaambia kabla ya kengele.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kitabu cha hesabu, na ndani yake akasema kuwa hiyo ndiyo kubwa na pengine itabaki hivyo, kwa sababu namba za aina hiyo ni za kushangaza tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Nilipolisoma hilo nilifikiri juu ya wazazi wangapi hapa kwetu wanasema maneno hayo hayo, hasa kwa mabinti. Kisha matokeo ya kidato cha nne yanatoka, Hisabati inaburuza mkia kama kawaida yake, na sote tunashangaa.

Haya, faida yenyewe. Kompyuta haihesabu kwa kumi kama sisi, inahesabu kwa swichi zinazowaka na kuzimika, kila swichi ikiwa na thamani mara mbili ya jirani yake, kama lile deni. Kompyuta nyingi zilitengenezwa kutunza namba kwa swichi 32. Moja inaonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Zikiwaka zote 31 kwa pamoja, namba inayosomeka ni 2,147,483,647. Hapo ndipo mwisho wa ngazi. Ukiongeza moja tu, ile swichi ya hasi inawaka, na mashine inasoma bilioni mbili na ushee chini ya sifuri. Desemba 2014 wimbo wa Psy, mwanamuziki wa Korea Kusini, ulitazamwa mara nyingi mno kwenye YouTube hata wenyewe wakasema imewabidi kukibadili kihesabio chao.

Wimbo si neno. Saa ndiyo neno. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Zile zinazotunza hesabu hiyo kwa swichi 32 zitaijaza ngazi siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za hapa Mwanza itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, jua bado halijachomoza nyuma ya vilima. Sekunde inayofuata mashine hiyo itaamini kuwa ni usiku wa tarehe 13 Desemba 1901, mwezi ule ule reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Kisumu, na hapa Mwanza tukiwa chini ya Wajerumani.

Sitaki kumtisha mtu. Nakumbuka mwaka 2000, tulipoambiwa ndege zitaanguka na benki zitasahau akiba zetu. Asubuhi yake tukaamka, maji bombani yalikuwa hayatoki kama jana yake. Simu mpya na kompyuta mpya nyingi zinatumia swichi 64, na ngazi hiyo hatutaimaliza. Wasiwasi wangu ni vile visanduku vya zamani vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa: kidhibiti cha pampu, mita, mashine ya chumba cha barafu, programu ya ofisi iliyoandikwa na kijana aliyekwisha hama. Nchi yetu inanunua vitu vilivyotumika, na havitupwi mpaka vife. Katika mwaka huo 2038 binti wa Sengerema atakuwa mtu mzima mwenye kazi. Ningependa awe yeye anayepita kuvikagua visanduku hivyo kabla ya Jumanne ile, akijua kwa nini ni Jumanne ile.

Faida ya pili iko katika kufuli. Kuzidisha namba tasa mbili ni rahisi; kuzirudisha kutoka kwenye jibu lake ni kazi. Chukua 23 na 89, upate 2,047 kwa dakika moja. Mpe mtu 2,047 bila kumwambia kitu, atahangaika. Mwaka 1977, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waligeuza ugumu huo kuwa kufuli la siri. Lile jibu unaweza kumpa kila mtu, afunge nalo ujumbe wake. Mwenye zile tasa mbili peke yake ndiye anayefungua. Katika kufuli la kawaida la aina hiyo kila moja ya hizo tasa mbili ina tarakimu zaidi ya 300. Ukifungua tovuti ya benki yako, kufuli hilo au ndugu zake wenye kutegemea namba tasa vilevile ndiyo yanayofanya kazi kimyakimya. Barlow hakuona mbali.

Kabla mtu hajasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, nisimulie kidogo juu ya Ishango. Iko mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Maji yake yanaingia Ziwa Albert, na maji ya ziwa letu, baada ya Jinja na Kyoga, yanaingia Ziwa Albert pia, wanakutana humo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale kipande cha mfupa kinachokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, kimechanjwa alama kwa mafungu. Leo kiko Brussels. Katika safu moja mafungu ni 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya kumi na ishirini, na jumla yake ni 60.

Wapo wanaosema kwamba hapo mtu wa ziwani alizijua namba tasa kabla ya dunia nzima. Ningependa iwe hivyo, lakini sidiriki kulitangaza. Safu nyingine ya mfupa huo huo ina 21 na 9, ambazo si tasa, na wataalamu wengine wanaona ni kalenda ya mwezi angani. Mimi ninachoona ni mtu aliyekaa kando ya maji akihesabu kitu kilichomhusu, na akaona vema asikisahau. Shangazi yangu angemwelewa.

Na safari ya kutafuta haikwisha. Euclid, aliyefundisha Alexandria ule upande wa Misri ambako Nile inamwaga maji baharini, alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Oktoba 2024 ilitangazwa nyingine, iliyoonyeshwa kuwa tasa na Mmarekani Luke Durant akitumia mashine zilizotawanyika katika nchi nyingi. Ni mchezo ule ule wa deni, ila badala ya siku 31 ni siku 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Nikianza kuisoma hapa studio, tarakimu mbili kila sekunde, bila kula wala kulala, nitamaliza baada ya siku 237, na mkuu wangu wa vipindi amekwisha kataa.

Sasa nirudi kwenye neno. Yule mwalimu rafiki yangu alinionyesha jambo ambalo nilipaswa kulijua mwaka 1992. Chukua namba yoyote isiyo tasa, ivunjevunje, itaishia kwenye tasa. Kumi na mbili, mpenzi wa shangazi, ni 2 mara 2 mara 3. Sitini ni 2 mara 2 mara 3 mara 5. Daima unapata zile zile, hata uanzie upande gani. Lakini 13 huwezi kuipata kwa kuzidisha namba nyingine, na yenyewe inatoa 26, 39, 52, 65 na kuendelea bila kikomo. Basi kama ni lazima tutumie lugha ya uzazi, namba hizi hazikukosa watoto. Zimekosa wazazi. Namba nyingine zote, ukiacha moja, ni watoto wao na wajukuu wao.

Neno limekwisha ingia vitabuni na mitihani, na sitarajii libadilike kwa sababu ya mtangazaji mmoja wa Mwanza. Ila waalimu wanaonisikiliza wanaweza kuacha ile sentensi ya "kwa sababu hazizai". Ni uongo wa kihesabu, na darasani kila mara kuna mtoto ambaye nyumbani kwao yupo mtu anayeitwa hivyo.

Shangazi alifariki mwaka 2004. Sikuwa nimejua bado, na sikuwa nimemwambia.

Binti wa Sengerema, anza na 311. Nimeijaribu mimi mwenyewe kwa kalamu: inaingia mara 6,905,092, inabaki 35. Inayofuata itafute, na ukiipata niandikie baki lake ni ngapi.